Kona ya Maranda

Simu ni moja, na kioo chake kina ufa
unaoshuka kama njia nyingine ya maadui.
Manka huicheza tangu atoke shule hadi nifunge buti;
kisha naichukua mimi, na rungu, na filimbi, na chupa ya chai,
nashuka Pasua kulinda mbao za mtu mwingine.

Saa nne usiku geti limeshakula kufuli mbili.
Naifungua ngome, naona alikofikia:
wimbi la ishirini na sita, mioyo mitatu imebaki.
Minara ya mishale kaipanga konani,
pale mazimwi yanapolazimika kupunguza mwendo,
na ule mzinga wangu wa jana, nilioujenga mlangoni kwa mbwembwe,
ameuuza.
Nusu bei. Bila kuniuliza.

Mashujaa amewapa majina.
Mwanamke wa barafu ni Mama Mdogo,
maana akikutazama tu miguu inakufa ganzi.
Kijana wa upanga, mwenye vazi la dhahabu,
anayeuzwa kwa pesa halisi,
anaitwa Usimnunue.
Na yule mzee wa ngao, mzito, wa bure,
asiyeua mtu, anayesimama tu njiani
mpaka wengine wapate nafasi ya kulenga,
huyo hana jina. Nimeuliza. Kasema bado anafikiria.

Mimi ni mchezaji wa pupa.
Sarafu ikidondoka nimeshajenga;
wimbi la kwanza nalipiga kwa radi, moto na matusi,
la kumi likija sina hata ya kununulia upinde.
Yeye ana miaka kumi na miwili na anajua kungoja.
"Baba, joka haliji mapema," aliniambia akimenya ndizi.
"Ukiona kimya, weka akiba."

Jumamosi aliniletea chakula kazini,
akasimama katikati ya yadi, akageuka polepole
kama anayesoma ramani.
Msonobari huku, mkaratusi kule, mashine ya randa, turubai.
"Unakaa wapi?"
Getini, nikasema, kwenye kiti, chini ya taa.
"Getini kuna kufuli mbili na taa. Nani atapita hapo?
Mimi ningekuwa zimwi, ningepita kwenye maranda."

Kona ya maranda: ukuta umeinama, mfereji uko nyuma yake,
na hatua hazisikiki, unakanyaga kama godoro.
Miaka saba nalinda hapa.
Miaka saba nimelinda mlango.

Usiku ule nikahamisha kiti.
Baridi ya Juni ilishuka mlimani
ikaingia moja kwa moja magotini.
Simu nikaizima, sijacheza.
Nikakaa gizani, mzito, karibu na bure,
ngao yangu koti la mvua.

Saa tisa na kitu, nyuma ya ukuta, kikohozi.
Cha mtu.
Nami nikakohoa.
Tukanyamaza, yeye na mimi, tukipimana kwa masikio.
Kisha maji ya mfereji yakapiga chubwi, chubwi,
miguu inaondoka.

Kwenye mchezo ukishinda hupigwa tarumbeta,
nyota tatu zinaruka, sanduku linafunguka lenyewe.
Asubuhi Bwana Lyatuu alihesabu mbao kwa kidole,
akasema, "Zipo,"
akauliza nani kahamisha kiti.

Nyumbani Manka alikuwa anatafuta soksi ya pili.
Habari ya kikohozi sikumpa.
Simu niliiweka mezani, chaji tele, jambo geni kwetu,
ngome kama alivyoiacha,
sarafu mia tatu hazijaguswa,
nikalala na buti moja mguuni.

Jioni nilipoamka wimbi la thelathini lilikuwa limeshapita.
Mzee wa ngao kahamishwa.
Yuko konani, mbele ya mishale yote,
na jina amepata:
Kufuli Mbili.