Somo la Kwanza ni Koleo

Nilidhani nitapandishwa.
Nimelipa, nimevaa suruali mpya inayobana mapaja,
nimefika bandani kwa Thorkatla saa tatu asubuhi,
Januari, Skagafjord bado haijafumbua jicho.
Akanipa koleo.

Koleo nalijua. Miaka ishirini na tisa
nimeng'oa magego ya nusu ya wilaya hii
kwa koleo dogo linalong'aa.
Hili ni lile jingine, la mpini mrefu,
la kuzolea samadi.
"Anayetaka kupanda huzoa kwanza," alisema,
akaenda zake kuwafunga watoto kofia.

Wenzangu darasani: Sindri, miaka saba,
mapacha wa mwenye duka la matairi,
na Ylfa, ambaye mwaka juzi
aliniuma kidole hadi mfupani
kisha akalia yeye.
Mimi nina hamsini na nne.

Ukija, usitarajie mbio.
Tarajia nusu saa ya kusugua manyoya mazito kama zulia,
kuinua kwato moja moja
na kuchokoa barafu iliyoshikamana na kinyesi
(hapo nilijihisi kazini).
Tarajia mnyama mfupi kuliko uliyemwota,
akikutazama kwa jicho moja
kama karani anayejua fomu yako ina kasoro.
Wangu anaitwa Skuggi, yaani kivuli,
naye ni mweupe pe.

Kisha kikuku, mguu wa kushoto,
na goti ambalo kumbe lilistaafu bila kuniaga.
Sindri alipanda kama mtu anayepanda kitandani.
Mimi nilisukumwa matako na Thorkatla
mbele ya wazazi wenye chupa za kahawa,
na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Juu kule
ni juu kuliko kunavyoonekana ukiwa chini.
Nilishika hatamu kama mtu anayening'inia.
"Unamvuta kinywa," alisema mwalimu. "Wewe ungependa?"
Kinywa. Humo ndimo nilimopatia riziki yangu yote,
na sikuwahi kujiuliza
chuma kina ladha gani.

Nikakauka. Skuggi naye akasimama,
maana hofu hushuka kupitia mapajani,
hilo hawaliandiki kwenye risiti.
Ylfa akasogeza farasi wake ubavuni,
kofia imemfunika nyusi:
"Pumua kwa pua, daktari. Legeza mikono.
Haitauma."
Maneno yangu. Sauti yangu ile ile ya uongo,
hata ule mtuo mdogo kabla ya *haitauma*.

Itauma. Kesho ngazi utazishuka kinyumenyume,
kitini utakaa kwa awamu mbili.
Lakini nilifungua vidole,
na Skuggi akaondoka,
si kwa yale matiti yaliyokuwa yakiwarusha mapacha
kama choroko kwenye ungo,
bali kwa telki, laini,
mgongo umetulia kama chai
ndani ya kikombe cha mtu mwangalifu,
mzunguko mmoja. Labda na robo.

Thorkatla akatazama saa.
Katikati ya uwanja Skuggi alikuwa ameacha deni lake,
likifuka mvuke.
Koleo lilinifuata mwenyewe.
Ylfa akanishikia ndoo, mdomo wazi kwa kicheko,
na nikaona jino lake la mbele limeanza kulegea.
Sikusema kitu.