Chumvi ya Hilkka

Desemba, ardhi ya Karelia ni chuma;
kaburi la Tauno lilichimbwa kwa mtaimbo.
Miaka arobaini na mitatu. Alikuwa akipasua kuni,
shoka likabaki limesimama kwenye gogo.

Babake pia aliondoka hivyo, na ami zake wawili.
"Moyo," tulisema, kama mtu asemavyo "baridi."

Kisha akaja muuguzi na mkanda wa kupimia presha,
akaulizia siagi, chumvi, sigara.
Nilimcheka. Akanywa kahawa yangu, akarudi Alhamisi.
Na Alhamisi nyingine.

Leo Reijo wangu kanuna mezani:
supu ya samaki haina ladha.
Nimemkatia kitunguu.
Kopo la chumvi lipo ghalani,
nyuma ya shoka la babake.