Sitii Chumvi

Bi Sikudhani amekula chumvi nyingi,
miaka sabini na miwili ya Kunduchi Mtongani.
Mchicha wake una siku kumi na tisa tu
na tayari umemzidi.

Kisima alikichimba marehemu mumewe, Mzee Kibwana,
kwa sururu na kamba ya katani,
maji matamu mpaka jirani wakanuna.
Kisha yakaja maghorofa, kila moja na pampu yake
ikinyonya, ikinyonya usiku kucha,
na bahari, ambayo haijawahi kuacha nafasi wazi,
ikaingia chini kwa chini.
Siku hizi ndoo ikikauka inabaki na ukoko mweupe
kama mdomo wa mtu aliyeamka na homa.

Alikuja Mlimani na mche ndani ya kopo la maziwa.
"Nyie mnaosomesha mimea," akaniambia mlangoni,
"mwanangu huyu maji yapo miguuni pake.
Mbona anakufa kiu?"

Mimi ni wa kuosha vyombo vya kioo na kupima jeli,
cheo changu hakimtishi mtu.
Lakini nilizipanda mbegu zake kwenye sahani iliyosimama wima,
juu jeli tupu, chini kwa mshazari jeli ya chumvi,
na siku ya tatu nikakesha
na darubini na chupa ya chai ya tangawizi.

Saa nane usiku mzizi unashuka,
mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
Saa kumi, umeionja.
Sitii chumvi, Bi Sikudhani: niliuona unasita.

Ndani, ambako darubini yangu haifiki
(hapa nasimulia ya Dokta Nkamba),
seli zinapelekeana habari bila mdomo.
Asidi absisiki inapanda shinani hadi majanini:
fumbeni vinywa, maji sasa ni ya kuhesabu.
Vizizi vya pembeni vilivyokuwa karibu kuchomoza
vinaambiwa: bado.
Na ethilini, gesi ile ile
inayoivisha ndizi za Mabibo chini ya turubai,
inapita kuta kama umbea,
na inachosema hata Dokta hana hakika,
leo vumilia, kesho acha.

Iliyonikamata ni oksini.
Inaondolewa upande wa chumvi,
inarundikwa upande wa pili,
na mzizi una desturi yake:
penye oksini nyingi hupunguza mwendo.
Basi ubavu mmoja ukachelewa, mwingine ukarefuka,
na mzizi mzima ukapinda.
Hauna jicho. Hauna mguu.
Uligeuka tu,
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Jumamosi nikampelekea picha.
Aliigeuza, akaigeuza tena, akaishika juu chini.
"Kumbe hakuwa mgonjwa," akasema. "Alikuwa anakataa."
"Anakataa na anakunywa. Vyote viwili."
"Kama mimi na hiki kisima."
Akakaa kimya.
"Sasa nimwagilie nini?"

Hapo elimu yangu ikaisha.
Tangi la mvua ni bei ya mchicha wa miaka minne,
na maji ya bomba hupita mtaani kwake kama mgeni rasmi.

Akachuma jani, akanipa nitafune.
Kila seli ina ghala lake, na ghala lilikuwa limejaa.
"Wateja wa Kawe wananisifu,
eti mboga yangu haihitaji kuungwa chumvi."
Alicheka. Halafu hakucheka.

Nilipokuwa nakaribia geti nikamwona na ndoo.
Zamani alimwaga tuta zima, kushoto na kulia.
Safari hii alimwaga mfereji wa kushoto peke yake,
taratibu, akichunga lisivuke tone,
na ule wa kulia akauacha mkavu,
ili mzizi ukigeuka
ukute pa kwenda.