Jina la Baba Yake

Hospitali ya Mnazi Mmoja, pale dirishani,
karani aliniuliza, kalamu juu ya daftari:
"Jina kamili la mgonjwa?"
Nikasema, Chetezo.
"Chetezo nani? Bin nani?"

Yakhe, mimi nimelala ubavuni mwake miaka mitatu,
baraza ya Kiponda,
boksi moja la friji tukilikata pande mbili,
yeye akichagua lile lenye picha ya gilasi iliyopasuka,
akisema, hii ndiyo anwani yangu.
Najua hukohoa mara mbili, kisha kimya, kisha ya tatu,
kama mpiga hodi anayeogopa kuitikiwa.
Najua hali pweza. Najua mguu gani huanza kufa ganzi.
Jina la babake sikuwahi kumuuliza.
Nani angeuliza, pale? Ukimtaja baba
umeshaitaja nyumba, na ukiitaja nyumba
usiku ule halali mtu.

Karani alifunga daftari taratibu, si kwa ubaya.
"Hapa tunatafuta kwa majina," akasema.

Tulikuwa wanne.
Chetezo, kwa ule moshi wa vishungi vya kuokota.
Ngwali, mbeba mikungu wa Darajani,
ujira wake ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi.
Bi Sihaba, aliyelala amekaa,
mkoba wa makopo mapajani, akituamsha alfajiri
kabla mwenye duka hajatoka na ndoo yake ya maji.
Na mimi, wakiniita Fundi,
maana siku moja niliigonga redio mbovu ikasema.

Ramadhani tulikuwa watu:
sahani ya tambi, uji wa pilipili manga,
karibuni, jamani, karibuni.
Idd pili tukarudi kuwa sehemu ya ukuta.

Kisha nikapata kazi ya ulinzi, na chumba Kwahani,
dirisha moja linalotazama ubavu wa nyumba ya jirani,
na ufunguo.
Niliwaambia: wiki moja tu, nikishapanga vitu n'takufuateni.
Vitu vyenyewe jamvi na birika.

Wiki ikazaa wiki.

Na hili karani sikumwambia:
nilimuona. Njia ya Mkunazini, saa saba ya mchana,
kakonda, kanzu ya mtu mwengine mwilini,
kajibanza kwenye kivuli chembamba kama utepe,
akanitazama vile mtu atazamavyo kitu
anachojaribu kukumbuka alikiacha wapi.
Nilikuwa na wenzangu wa kazini, sare imepigwa pasi.
Nikatoa simu nikaitia sikioni.
Simu haikuwa na chaji.
Nikasema, "Naam. Naam, naja,"
nikapita.

Sasa napata habari za juu juu.
Ngwali kavuka kwenda Pemba, yuko Wete, anachuma karafuu.
La, kaanguka mkarafuu, kashazikwa.
La, huyo ni Ngwali mwengine.
Bi Sihaba kachukuliwa na mtoto wa nduguye, Makunduchi.
Inshaallah iwe kweli,
ingawa alituapia hana ndugu.
Na Chetezo: kuna aliyesikia kwamba kuna aliyemuona
akipakiwa garini, anatapika damu.
Ndiyo nikaenda dirishani.

Barazani pamewekwa vyungu vya maua vya hoteli,
vitano, karibu karibu,
kwa hesabu ya mtu aliyepima mgongo wa binadamu.
Nyuma ya chungu cha mwisho nimeandika nambari yangu kwa mkaa.
Wao hupaka chokaa. Mimi huandika.

Usiku nikifunga, komeo hulia mara mbili,
kisha kimya.
Nakaa juu ya jamvi, upande mmoja,
ule wa pili nimeuacha.
Nasikiliza.