Makopo Mawili

Usiniulize kama nimemwacha Yesu.
Kila mtu wa Katuba ameshaniuliza hilo,
hata fundi viatu, ambaye hajaingia kanisani
tangu harusi yake ya kwanza.
Sayantolojia ni neno refu; mama huliita "ile dawa yenu".
Niulize ngazi ina vipandio vingapi.
Kumi na tisa, juu ya duka la simu, Kamalondo.
Cha saba kimevunjika, nami hukiruka hata gizani, bila kufikiri.
Hiyo ndiyo maana ya kuwa mwanachama. Nusu yake.

Nusu nyingine ni makopo mawili.
Unayashika, moja kila mkono, baridi kama samaki wa barafu,
nyaya zinakwenda kwenye kisanduku
na ndani ya kisanduku mshale unapumua.
Fidele hatazami uso wangu, anatazama mshale.
"Rudi mwanzo wa tukio. Unaona nini?"

Naona Chola anafunga kamba za viatu visivyo vyake.
Naona mkono wangu ukimpa mkate,
nasikia sauti yangu: Nenda, tusije tukalala njaa.
Shimo la wachimbaji lilimfunika kabla ya saa sita.
"Rudi mwanzo."
Chola anafunga kamba.
"Rudi mwanzo."
Mara ya tisa mkate ulikuwa mkate tu.
Mara ya kumi na nne nilicheka, jamani, nilicheka,
kwa sababu ya vile viatu: vyote viwili vya kushoto.
Mshale ukaelea kama jani juu ya ndoo.
Usiku ule nililala hadi jogoo,
baada ya miaka kumi na mmoja.
Mchungaji alinipa zaburi. Shangazi alinipa mizizi.
Siwasemi vibaya. Ila sikuwa nimelala.

Basi, wanasema mbele kuna daraja,
na kila hatua ina bei yake.
Mimi mtoto wa Katuba, madaraja nayajua:
mvua ikinyesha vijana hutandika ubao juu ya mtaro
na kudai faranga mia za kuvuka.
Wengine husema mtaro wanauchimba wenyewe, usiku.
Sijui. Ninalipa.
Friza nimeiuza. Munkoyo wangu sasa hauna baridi,
wateja wanakunja uso, wanakunywa nusu.

Mama Kyalwe wa kwaya alikuja kuchukua joho.
Alilikunja pembe kwa pembe, taratibu,
kama anayekunja nguo ya marehemu.
"Sauti yako tutaikosa," akasema.
Sauti.

Baba alikuwa mpimaji wa mawe, maabara ya kiwanda,
miaka thelathini mbele ya mshale wake.
Nilipomweleza hakukasirika. Alifuta miwani kwa shati.
"Mshale haudanganyi, mwanangu.
Utakwambia shaba ni asilimia nne.
Hautakwambia nani alilibeba lile jiwe."
Kisha, akimenya karanga:
"Na hayo unayoyasema, nani anayaandika?"

Fidele anayaandika.
Kalamu ya buluu. Kabati la chuma, kufuli mbili.
Chola yumo mle, na viatu vyake vya kushoto,
na mambo ambayo hata hapa siyaandiki.
Siku nyingine, nikisonga bukari, mwiko unasimama:
mzigo nimeutua mgongoni, kweli,
nimeuweka kabatini mwa mtu.

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima.
Kisanduku kina betri, kikabaki kinang'aa peke yake.
"Unaona nini?"
Sikuona kitu. Nilimsikia Fidele akipumua,
pua imeziba kwa vumbi la kiangazi,
nikawaza: huyu naye, nani humuuliza?
"Na wewe, Fidele. Wewe ulimzika nani?"
Mshale uliruka.
Makopo yalikuwa mikononi mwangu, najua,
lakini aliyeiweka kalamu chini ni yeye.

Hakuandika hilo.
Leo ni Alhamisi. Sijui kama atafungua mlango.