Waya Mweusi

Kwetu Pangasinan waya mweusi ndio wenye moto.
Mtoto wa fundi hulijua hilo
kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.
Mweupe ni mpole, hurudi ulikotoka bila makuu.
Mweusi huua.

Miaka kumi na tisa nimezishika nyaya
na bado natembea.
Hicho ndicho cheti changu, laiti angekuwapo wa kukisoma.

Hapa Timaru wanasoma vya namna nyingine.
Walitaka karatasi, nikatoa.
Wakataka tafsiri ya karatasi, muhuri wa tafsiri,
na saini ya mzee Agbayani aliyenifunza kazi.
Nikawaandikia: tulimzika mwaka wa kile kimbunga;
marehemu hasaini.
Wakajibu kwa pole nyingi
na fomu ya pili.

Nchi ya adabu hii, sisemi uongo.
Hata mlango ukikufungia umetiwa mafuta, haulii.

Basi miezi minane kwenye mkanda wa viazi,
glavu za mpira, kofia ya wavu,
vizima kulia, vilivyooza kushoto.
Wiki ya tatu nikaisikia mota ikikwama pumzi.
Nikajua ni beringi ipi, na kwamba haitafika Ijumaa.
Nikanyamaza.
Sikuwa na leseni ya kusikia.
Ilikufa Alhamisi. Tulilipwa nusu siku.

Luzviminda kwenye simu: "Umeshapata?"
"Yanaiva," nikasema.
Hakuuliza yapi.
Mke wa fundi umeme hapeleki kidole asipopaona.

Agosti, barafu kwenye vioo vya magari,
leseni ikaja, ya muda, na sharti lake:
nisiguse kitu ila chini ya jicho la mwenye leseni kamili.
Jicho lenyewe ni Ngaire Tuhiwai, miaka ishirini na saba,
anayeendesha gari la kampuni kama aliyeliiba.
Nilipofunga taa nyumba yangu ya kwanza
yeye alikuwa akikariri mbili mara nne.
Sikumwambia. Alikuwa ameshapiga hesabu.
"Kumbe ningekusimamia tangu darasa la tatu," akasema,
akanimiminia chai.

Kazi ya kwanza: nyumba ya mbao kilimani,
mjane, paka wawili, nyaya za enzi ya marehemu mumewe.
Tukalala kifudifudi darini, vumbi mpaka kwenye meno.
Akamulika tochi. "Haya. Wenye moto ni upi?"

Mkono wangu ukajibu kabla yangu.
Ukaenda kwa mweusi,
ukaupita mwekundu kwa unene wa ukucha.
Akaudaka.

Umeme alikuwa ameukata mwenyewe, akapima mara mbili.
Hata hivyo jasho lilinitoka katika baridi ile.
"Hapa mweusi ndio mpole," akasema.
"Mwekundu ndio wenye meno. Nyumba mpya, wa kahawia.
Rangi ni mdomo tu, Macaraeg. Amini kipima."

Kimoja tu hakikuhama.
Waya wa kijani ulishuka ukutani,
ukatokeza nje karibu na bomba la maji,
ukaishia kwenye chuma kilichopigiliwa udongoni.
Kijani kwetu ni ardhi. Kijani hapa ni ardhi.
Nikachuchumaa nikiutazama
kuliko kazi ilivyohitaji.
Paka mmoja akaja kuangalia nimepoteza nini.

Wiki sita baadaye nikamwambia Luzviminda:
"Nimezoea. Nikiona mwekundu mkono wenyewe unarudi.
Mweusi haunitishi tena hata kidogo."
Nilidhani atafurahi.

Nikasikia feni yetu ya dari ikizunguka kule,
ile niliyoifunga mimi.

"Ukija Krismasi," akasema,
"humu ndani usiguse kitu."