Karatasi Iliyokosekana

Kitabu kilinifikia Mafinga kikiwa hakina ukurasa wa mia na kumi na tatu.
Kimefungwa kwa gazeti, juu ya gazeti mfuko wa sukari,
na Kihongosi, konda wa basi la asubuhi,
alinikabidhi kama anayekabidhi kuku:
"Shika vizuri fundi, huyu anaruka."

Nilikuwa napinda sketi za shule, thelathini na mbili,
ukungu umekaa mlangoni kama mteja asiye na hela.
Nikasema nasoma kidogo tu.
Cherehani ikapoa.

Mia na kumi na mbili: mwanamke amesimama mtoni,
mkononi ana barua, hajaamua.
Mia na kumi na tano: yuko sokoni, anauza vitunguu, anacheka,
na barua haitajwi tena hadi mwisho.

Pembeni, kwa wino wa kijani, Subilaga wa Tukuyu:
"Msinilaumu. Nimekikuta hivi."

Subilaga simjui sura.
Najua anasoma huku anakunywa chai,
najua mvua ya kwao haibishi hodi, huingia mpaka kwenye karatasi,
najua neno "subira", popote alionapo,
hulipigia mstari kwa hasira.

Basi tukaijaza wenyewe.
Yeye alisema barua imechanwa, vipande vimekwenda na maji.
Tweve wa Makete, anayesoma mkono mmoja ukiota moto,
akaandika kwa penseli: ameisoma, ameikunja, ameikalia.
Watu wazima ndivyo walivyo.
Ambakisye, mpima viazi wa Uyole, akadai
barua haikuwa yake tangu mwanzo, ilikuwa ya jirani,
na sote tukamnunia mwezi mzima.

Mimi nilishona karatasi yangu kwa uzi mweusi:
hakujua kusoma.
Akaona haya kuuliza.

Hilo sikulitunga.
Nilimwona mama amesimama hivyo, kiwanjani petu,
karatasi ya hospitali ameishika juu chini,
anaitikia kwa kichwa.

Kitabu kikaondoka, kikarudi.
Chini ya uzi wangu, herufi ndogo za kijani
kama anayenong'ona msibani:
"Na wangu."

Miaka minne.
Kilipanda Makete kwa njia ya Njombe, kikashuka Uyole,
kikateremka Tukuyu, kikanirudia
kinanuka moshi, udongo wa viazi, majani ya chai,
kimenenepa kuliko kilivyozaliwa.

Juni nikaenda Mbeya kununua zipu.
Mwanjelwa, juu ya meza ya mitumba,
kati ya soksi na tochi:
kilekile, kizima.
Elfu moja mia tano. Nililipa bila kuomba punguzo
muuzaji akaitazama noti mara mbili.

Nilisoma papo hapo, nimesimama,
wenye mabeseni wakinipiga vikumbo.
Nikacheka. Kisha sikucheka.
Zipu nilisahau.

Nyumbani niliikata ile karatasi kwa mkasi wa kazi,
nikaikunja, maandishi ndani,
nikaipachika mahali pake kwa pini moja.
Juu nikaandika: "Hii hapa. Anayetaka, afungue."

Kikazunguka miezi mitano.
Jana Kihongosi kanirushia dirishani, basi halijasimama vizuri.
Nimepekua. Hakuna aliyesema neno.
Tweve kalalamikia baridi. Ambakisye kaandika bei ya viazi.
Subilaga kakuta "subira" nyingine iliyomponyoka zamani,
kaichapa mstari.

Pini ipo palepale, imeanza kutu.
Lakini mimi ni fundi,
na karatasi nayo ni kitambaa, haisahau sindano.
Pini moja hutoboa ikiingia, hutoboa ikitoka:
matundu mawili.
Nimeinua dirishani, penye mwanga.
Nimehesabu sita.

Wawili, basi.
Au mmoja, mara mbili.